Hedifoni Alizochagua Talib

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Hapana, nimekosea. Ule wa kumi na moja ni mwaka ambao vijana walivunja maduka, na sisi wazee tukakaa ndani siku tatu tukila mkate na maharage ya kopo. Haya yalitokea mwaka uliofuata, wa michezo ya Olimpiki. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndani ya treni tulibanwa na watu waliojifunga bendera za nchi zao shingoni, na Talib akaniinamia sikioni akasema, "Yakhe, na sisi tungekuwa na ya kujifunga, tungejifunga ipi?"

Nilicheka tu.

Talib Sleyum alikuwa jirani yangu Thamesmead, pembeni mwa London, kwa miaka ishirini na moja. Mimi nilikaa ghorofa ya kwanza, yeye ya tatu, katika jengo moja la zege linalotazama ziwa. Wapo watakaokwambia Thamesmead ni pabaya. Si pabaya. Pana maji mengi tu, na upepo, na zile njia za juu za waendao kwa miguu, ambazo nyingine zinakwenda zinakwenda kisha zinakatika, ukabaki umesimama unajiuliza ulikuwa unaelekea wapi. Mimi nilizipenda, maana natembea sana. Talib hakuwa mtembezi. Alikuwa mtu wa kiti chake, kikombe chake na redio kaseti yake.

Alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Kiponda. Baba yake, mzee Sleyum, alikuwa karani wa forodha. Mapinduzi yalipotokea, Talib alikuwa na miaka kumi na saba. Wiki ya pili yake likaja lori, wakashuka watu, wakamwambia mzee Sleyum avae viatu. Akavaa. Akamwambia mkewe asiufunge mlango kwa komeo, kwamba atarudi kabla ya magharibi. Hakurudi, na hakuna aliyepata kusema amekwenda wapi. Mwaka wa pili Talib akatoka kwa njia ya Mombasa, akaishia huku. Alifanya kazi kwenye dobi la hospitali miaka ishirini na tisa, na zile mashine zikamla masikio. Mkewe alikwisha kufa nilipomjua. Alikuwa na binti mmoja, Zainab, mwalimu, kazaliwa hapahapa. Ukimsemesha Kiswahili anasikia kila neno, anakujibu Kiingereza.

Kule nyumbani walibaki wanawake watatu: mama yake, khalati yake, nduguye mama, na dada yake mdogo, Zuwena. Mama alikuwa anasoma msahafu lakini hajui kuandika barua. Kwa hiyo walitumiana kanda.

Vijana wa leo hawayajui haya. Ulikuwa unanunua kaseti mpya, unampa msafiri, inafika kwenu, wanakaa chumbani na kusema yao, msafiri mwingine anairudisha. Na palikuwa na adabu yake. Kila aliyemo chumbani lazima atajwe, kisha asalimu. "Nipo mimi mama yako, yupo khalati yako, yupo Zuwena." Kukaa kimya ndani ya kanda ya watu ilikuwa kama kupita barazani bila kutoa salamu.

Mama yake Talib alizidisha lake. Hakuifahamu ile mashine kama tulivyoifahamu sisi. Alizungumza nayo kama mtu. Akiita, anangoja kuitikiwa. Akiuliza, anangoja kujibiwa.

"Talib!"

Kimya, unasikia upepo tu wa kanda.

"Umekula?"

Kimya.

"Haya, alhamdulillahi."

Na Talib huku, mtu mzima mwenye mvi, akikaa mbele ya redio kila Ijumaa baada ya sala, alikuwa akivijaza vile vimya. "Naam, mama. Nimekula, mama." Nilimkuta hivyo mara nyingi. Mwanzo niliona haya kwa niaba yake, baadaye nikazoea, nikawa nangoja mlangoni mpaka wamalize.

Kanda zenyewe zilikuwa saba. Sita zililiwa na mashine mwaka baada ya mwaka. Ilibaki moja, ya mwaka sabini na nane, ambayo ndiyo ya mwisho aliyopelekewa. Ndani yake mama yake anamaliza kwa maneno ambayo hakuyasema katika kanda nyingine yoyote. Anasema, "Usirudi, mwanangu. Kaa huko huko." Kisha kinabofywa kitu, na basi. Miaka mitano baadaye mama akafa. Talib hakurudi kumzika, na hakurudi tena kabisa. Alikuwa na yakini kwamba mama yake alimkata kwa kuwa aliwaacha wanawake peke yao akakimbia. Aliniambia hivyo mara moja tu, tena huku anamenya viazi, bila kuniangalia.

Sasa mwaka ule daktari alimwambia moyo wake umechoka. Talib hakuogopa sana, ila alitaka jambo moja: amsomeshee baba yake hitma, kisomo cha marehemu, kabla hajaondoka yeye. Shekhe wetu akamwambia hakuna tatizo, mtu aliyepotea miaka yote hiyo kisheria anahesabiwa amekufa. Aliyekwama ni Talib mwenyewe. Kwa sababu mama yake hakukaa eda. Mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa ibada, aliyefunga Jumatatu na Alhamisi, mumewe kachukuliwa na lori, na hakukaa ndani ile miezi minne na siku kumi. Si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Watu walimsema. Yeye alinyamaza.

"Kwa hiyo alikuwa anajua nini?" Talib aliniuliza. "Mimi nikisimama mbele ya watu nikasema marehemu baba, mimi ndiye niliyemzika. Sitaki kumzika mtu simjui yuko wapi."

Hapo ndipo alipoingia Jedidah.

Jedidah alikuwa Mkenya, mpangaji wa mlango wa pili na Talib, ukuta mmoja. Kazi yake kutunza wazee katika nyumba ya wazee, shifti ya usiku, kwa hiyo akilala mchana. Na Talib, kwa masikio yale, redio aliifungua mpaka mwisho. Ijumaa moja Jedidah akagonga, na kilemba chake cha kulalia kichwani. Kwa upole akamwomba mzee apunguze kidogo. Talib akamwomba radhi, akamwambia atajitahidi.

Yule dada akacheka, akasema, "Na huyo mgeni wako pia umwambie, mzee. Sauti yake inapita ukuta kama ya mhubiri."

"Mgeni gani?"

"Huyo mwanaume anasemanga naam, naam."

Talib akamweleza kwamba ni yeye mwenyewe, anaitikia kanda ya mama yake. Akafikiri dada atamcheka. Jedidah hakucheka. Alitikisa kichwa.

"Wewe nakujua sauti yako, mzee. Wewe huja nyuma. Kuna mwingine anakutangulia."

Talib aliteremka kwangu na kandambili, mguu mmoja na soksi na mwingine hauna. Tukapanda. Tukaicheza ile kanda, tumeinamia redio mpaka vichwa vinagusana. Mama, upepo wa kanda, mama. Hakuna mwingine. Nikamwambia huyu mtoto wa watu amechoka kwa kukesha. Lakini Talib hakutulia, na mimi, niseme kweli, sikutulia pia. Ijumaa iliyofuata nikamwomba Jedidah ruhusa niingie kwake mchana, mlango wazi, nisikilize.

Jikoni kwake palikuwa na kalenda ya kanisa na chungu cha githeri kinapoa. Alizima friji ili pasiwe na mngurumo. Nikaweka sikio ukutani, ukuta baridi kama jiwe la mtoni. Upande wa pili Talib akafungua kanda. Nilitazamia kumsikia mama. Sikumsikia. Mama hakuwamo kabisa katika ule ukuta. Palikuwa kimya, kimya, kisha likaja:

"Naam."

Nene, taratibu, ya mtu aliyekaa. Halafu, baada ya kitambo kama cha kumeza mate, ikaja ya Talib ninayoijua: "Naam, mama."

Nikatoa sikio. Jedidah alikuwa ameshika chungu kwa mikono miwili na hakukipeleka popote. Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akasema basi, afadhali, maana alishaanza kumwombea mtu asiyejua ni nani.

Nilivyorudi kwa Talib sikuhitaji kusema. Aliusoma uso wangu. Alikaa akiikunja na kuikunjua leso yake. Nyumba ile haikuwa na mwanamume mwaka sabini na nane. Mama alitaja waliomo: yeye, khalati, Zuwena. Watatu. Wanawake wakiitwa kwetu wanasema bee. Huyu kasema naam.

Ndiyo maana tulikwenda kununua hedifoni. Zainab alikuwa ameahidi kumletea zile zisizo na waya, za kuchaji, lakini redio kaseti ile ilikuwa na tundu tu, haijui mengine. Talib akasema anataka za waya, za kufunika sikio lote, zisizozidi pauni arobaini, na atazichagua yeye mwenyewe kwa kanda yake mwenyewe. Na mtu wa kumwendea alikuwa mmoja: Kanti wa Tooting.

Kanti ni Mhindi wa Unguja. Baba yake alikuwa na duka la redio Mkunazini, na yeye alitoka mtoto, na Kiswahili chake bado ni cha Mkunazini cha wakati ule, hakikukua. Alikuwa na kibanda ndani ya soko la Tooting, kati ya muuza bangili na muuza samaki, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Kutoka Thamesmead ni safari: basi mpaka Abbey Wood, treni mpaka London Bridge, kisha ile ya chini ya ardhi. Talib aliibeba redio yake ndani ya mfuko wa duka, kaiweka mapajani kama mtoto mgonjwa.

Kanti alipotuona akasema, "Talib, kumbe u hai! Mimi nilishamwambia mke wangu apike pilau ya matanga yako."

"Mkeo pilau hajui," Talib akamjibu. "Nitangoja mpaka ajifunze."

Wakataniana hivyo kidogo. Kisha Talib akamweleza. Kanti akasikiliza huku anafuta miwani, na alipomaliza hakushangaa hata. Alisema hilo la ukuta ni jambo la kawaida. Redio inatoa vyote pamoja, upepo wa kanda na sauti ya mama, na ile nene inazama chini. Ukuta unazuia nyembamba, unaachia nene. "Jirani yako amesikia machujo," akasema. Akauliza kama kanda ilikuwa imetumika kabla, maana huenda ni mabaki ya maneno ya zamani yaliyofutwa vibaya. Talib akasema kanda aliinunua yeye hapa London, ikaenda na karatasi yake ya plastiki haijafunguliwa. Kanti akakuna kidevu. Akasema, "Basi alikuwamo chumbani."

Mtu wa samaki alikuwa anamwaga barafu. Ninaikumbuka ile sauti.

Kanti akatoa hedifoni tatu. Akazipanga juu ya gazeti. Alikuwa mtu wa kazi yake, hakutaka mtu anunue jambo asilolijua. Akamwonyesha Talib namna ya kuangalia: mito iwe laini na ifunike sikio bila kulikalia, maana mwenye miwani ataumia, utepe wa kichwani usibane, waya uwe wa kuchomoka, ili ukikatika ununue waya, si hedifoni nzima. Akasema ziko nyingine nzuri sana lakini zinataka mashine yenye nguvu, na redio hii ni mzee kama mwenyewe, itazinong'oneza tu.

Za kwanza zilikuwa nyepesi, rahisi kabisa. Talib akavaa, akasikiliza, akazivua. Upepo mtupu, akasema, kama kusimama juu ya daraja.

Za pili zilikuwa kubwa, nyeusi, mito minene. Kanti akamwonya kwamba hizi zinatia utamu wao. "Vijana wanapenda besi. Hizi zinanenepesha kila kitu. Kondoo akilia, utasema ng'ombe." Talib akavaa. Kanti akabofya.

Nilikuwa namtazama. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kubadilika. Hakuyafuta. Alisikiliza mpaka mwisho wa kanda, na mwishoni kabisa akashika meza. Alipozivua alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo waliotoka kwenye hedifoni, na muuza bangili akageuka.

"Ni yeye anayemwambia. Mama hakusema mwenyewe. Kuna mtu anamwambia, mwambie asirudi. Ndiyo mama anasema."

Akanipa na mimi. Nikavaa. Jamani, sauti ilikuwa ya kukaa karibu na wewe. Mama anaita "Talib!" na yule anaitika "Naam," nene na ya joto, ya mzee anayemzungumzisha mtoto aliye mbali. Mara tatu aliitika. Na mwisho, chini kabisa, kama mtu anayeongea na kifua chake: "Mwambie asirudi." Kisha mama: "Usirudi, mwanangu. Kaa huko huko." Ukisikia hivyo huwezi kusema mama kamkata mtoto. Utasema wazazi wawili wamekaa chumbani, mmoja amefichwa hata jina hatajwi, maana kanda zilipitia mikononi mwa watu, na wanamkinga mwana wao. Talib akasema, "Ndiyo maana hakukaa eda." Akalirudia hilo mara mbili.

Kanti akaacha apumue. Kisha akasema, kwa vile ni kazi yake, kwamba asinunue kabla hajajaribu za tatu. Zilikuwa za kijivu, hazina pambo, bei ileile. Akasema hizi ni za watu wa studio, hazitii wala hazitoi. "Hizi zitakwambia kilichomo tu."

Talib akavaa akitabasamu bado.

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini lilikuwa limesahauliwa pale. Hakumaliza kanda. Alizivua haraka, akaziweka juu ya gazeti, akazisogeza kwa kidole mbali naye.

Nikazichukua mimi. Afadhali nisingezichukua. Nikarudisha kanda nyuma kidogo. Sauti ilikuwa ileile, maneno yaleyale, ila joto halipo. Ilikuwa kavu, ya mtu asiye mzee sana, na ile "Naam" ilikuwa na kitu kama kicheko kilichozuiwa, kama mtu anayemwigiza mtoto wa watu mbele ya mama yake. Kwa hilo mtu anaweza kujidanganya. Lakini palikuwa na jingine ambalo zile nyeusi zilikuwa zimelifunika kwa utamu wake. Kabla ya mama kusema, kila mara kabla ya mama kusema, palikuwa na kitu kinachogonga sakafu ya saruji. To. Kama ncha ya bakora. To, kisha mama anaita. To, kisha mama anauliza. Na baada ya "mwambie asirudi," to mbili.

Nikavua. Kanti alituangalia mmoja mmoja, naye pia akavaa, akasikiliza kidogo sana, akabofya kuzima. Akachukua kitambaa akaifuta ile mito, ya kushoto, ya kulia, polepole, kama inavyofutwa miwani ya marehemu.

"Chagua, bwana," akamwambia Talib.

"Nipe zile nyeusi."

"Nilikwambia zinatia utamu."

"Nimesikia, Kanti. Nifungie zile nyeusi."

Kanti akafunga. Hakubishana, na alimpa na waya wa akiba bila kumlipisha.

Tukapanda treni. Watu wenye bendera walikuwa wakiimba. Karibu na Abbey Wood Talib akasema, bila kuniangalia, "Mzee aliyepigwa magerezani miguu huwa mibovu. Atatembea na bakora." Nikasema ndiyo, inawezekana. Akasema, "Basi." Na tangu siku ile hakulitaja tena.

Alimpigia simu Zuwena, dada yake, ambaye ndiye peke yake aliyebakia katika wale watatu. Jumapili iliyofuata, usiku, Talib alinieleza. Alimwambia amenunua hedifoni, ameisikiliza ile kanda ya sabini na nane. Zuwena akauliza, "Kanda ile ipo mpaka leo?" Akasema ipo. Zuwena akasema, "Kaka, isikilize kwa redio yako ile ile." Akahamia kwenye habari za mvua na bei ya sukari. Talib alinihadithia huku anacheka, kwamba wanawake wa kwao hawapendi vitu vipya. Mimi nilicheka naye, lakini kikombe cha chai nilikishika kwa mikono miwili.

Hitma ilisomwa mwezi wa Mfunguo Mosi, katika ukumbi tunaoukodi. Zainab alileta sambusa. Jedidah alikuja na shada la maua, hakujua kwamba sisi hatuna desturi hiyo, tukayaweka dirishani, yakapendeza. Talib alisimama akasema marehemu baba yangu, Sleyum, alikufa mtu mzima, nyumbani kwake, mkewe yuko karibu. Shekhe akaniangalia, nami nikaangalia maua. Baada ya siku ile Talib alikuwa mtu mwepesi. Hakuitikia tena kanda kwa sauti. Alikaa na hedifoni zake nyeusi, macho kayafumba, anatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubaliana na mazungumzo ya wakubwa. Alimwambia Zainab kwamba bibi yake alimpenda. Zainab akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba siku zote alijua. Jedidah, nilipomuuliza, alisema sasa ukuta umenyamaza na analala vizuri, ila mara nyingine huamka saa nane za mchana Ijumaa, akangoja.

Talib alifariki majira ya baridi ya pili yake, kwenye kiti, na waya ukiwa bado umechomekwa. Zainab alinipa zote, redio, kanda na hedifoni, akasema baba angetaka hivyo. Niliziweka chini ya kitanda.

Siku ya arubaini nilimpigia Zuwena, kumpa pole tena. Tulizungumza vizuri. Ana sauti ya mama yake, ile nyembamba. Akanishukuru kwa kukaa na kaka yake. Nikaona umri wangu na wake hautoshi tena kwa kuoneana haya, nikamuuliza. Nilimuuliza kwa adabu, neno kwa neno, kisha nikangoja, kama alivyongoja mama yake. Palikuwa na upepo kwenye simu. Nyuma ya Zuwena kitu kiligonga sakafu, mara moja, na huenda kilikuwa kiti tu. Simu ikakatika, na tangu hapo namba ile inaita haipokelewi.

Sikumuuliza jingine ila hili: bi Zuwena, ile bakora iliyokuwa chumbani, ilikuwa ya kuegemea, au ya kuamrishia?